Mashine ya Nyasi Yenye Kiti: Historia Yake na Istilahi za Kuiwasha na Kuiendesha kwa Usalama

Mfasiri anayeletewa kijitabu cha maelekezo ya ile mashine ya kukatia nyasi ambayo mwendeshaji wake huketi juu yake, hukwama kabla hajamaliza jalada. Kiingereza huitambulisha mashine hiyo kwa kitendo cha kupanda, kama mtu apandavyo farasi au baiskeli. Akiandika "mashine ya kupanda nyasi", msomaji ataelewa kuwa ni chombo cha kilimo kinachootesha nyasi mahali zisipokuwapo, yaani kinyume kabisa cha kusudio. Akigeuza mpangilio na kuandika "mashine ya nyasi ya kupanda", hajauondoa utata bali ameuhamisha tu. Wako waliosema "trekta dogo la majani". Si baya, ila trekta lina jina lake na kazi zake, na majani ni neno pana mno: ni ya miti, ni ya chai, na huko Tanzania ndiyo pia hayo yanayofyekwa uwanjani. Katika makala hii tutaiita mashine ya nyasi yenye kiti. Jina hilo si tamu sana masikioni, lakini halimdanganyi mtu, na kiti, kama itakavyoonekana, ndicho kiungo kilicholeta hatari na ndicho kilichokuja kubebeshwa kinga.

Jina hata hivyo ndilo jepesi. Ugumu hasa umo katika zile kurasa za mwanzo zinazoeleza namna ya kuiwasha mashine, kuiingiza kazini, kuiendesha na kushuka. Kurasa hizo zimejaa vitenzi, na orodha zetu za istilahi, tangu zile za Tafsiri Sanifu zilizoanza kutolewa na Baraza katika miaka ya 1970, zimejaa nomino. Tuna jina la kila kifaa, lakini mara nyingi hatuna kitenzi kimoja kilichokubaliwa kwa kile ambacho kifaa hicho hufanyiwa. Katika mashine nyingi upungufu huu huishia kuwa usumbufu tu. Katika mashine hii unaweza kumgharimu mtu mguu. Ili kueleza kwa nini ni hivyo, yatupasa kurudi nyuma karibu karne mbili.

Mashine ya nyasi ilizaliwa kiwandani mwa nguo, si bustanini. Edwin Beard Budding alikuwa fundi huko Thrupp, karibu na mji wa Stroud katika jimbo la Gloucestershire, Uingereza, sehemu iliyosifika kwa viwanda vya nguo za sufi. Katika viwanda hivyo palikuwa na mashine yenye silinda ya visu vilivyopindwa, ambayo kazi yake ilikuwa kunyoa vinyweleo vilivyosimama juu ya kitambaa ili kitoke laini. Budding aliona kwamba kinachonyoa kitambaa kinaweza kunyoa ukoka. Mwaka 1830 alipata hataza ya chombo chake, na akashirikiana na John Ferrabee, aliyekuwa na kiwanda cha kusubu chuma, katika kukitengeneza. Miaka miwili baadaye, yaani 1832, kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilipata idhini ya kukitengeneza pia. Kabla ya hapo nyanja za matajiri zilikatwa kwa mundu mkubwa wa mpini mrefu, kazi iliyohitaji watu wengi wenye ujuzi, au zilichungwa kondoo, ambao hawakuhitaji ujuzi wowote.

Jambo tunalotaka wafasiri walizingatie ni namna chombo hicho kilivyopata nguvu. Nyuma yake palikuwa na rola nzito ya chuma iliyoviringika ardhini mtu alipokisukuma, na magurudumu ya meno yakauchukua mzunguko wa rola hiyo hadi kwenye silinda ya visu na kuuzidisha mara 16. Visu havikuwa na nguvu nyingine yoyote. Mtu aliposukuma, chombo kilikwenda, na kilipokwenda, kilikata. Aliposimama ili afute jasho, vyote vilisimama pamoja naye. Kusukuma, kwenda na kukata vilikuwa kitendo kimoja kilichotazamwa kutoka pande tatu. Lugha yoyote iliyokieleza chombo hicho ilitosheka na kitenzi kimoja, na hapakuwa na haja ya kumwambia mtu asitie mkono penye visu vinavyozunguka baada ya yeye kuondoka, kwa sababu hali hiyo haikuwezekana.

Farasi hakubadili jambo hilo. Katika miaka ya 1840 Alexander Shanks wa Arbroath, Uskoti, alitengeneza mashine kubwa zaidi zilizokokotwa na farasi wadogo, na wanyama hao walivishwa viatu vya ngozi ili kwato zao zisitoboe ukoka. Katika mashine kubwa za aina hiyo mwendeshaji aliweza hata kuwekewa kiti. Basi kiti ni cha zamani kuliko injini, na kiti hicho cha kwanza hakikuwa na hatari kubwa: farasi akisimama, rola husimama, na visu husimama.

Mvuke ndio ulioanza kuufungua umoja huo. James Sumner wa Leyland, katika jimbo la Lancashire, alipata hataza ya mashine ya nyasi ya mvuke mwaka 1893. Ilikuwa nzito mno, na ilibidi maji yachemshwe kwanza kabla ya jani moja kukatwa, hivyo haikudumu sana sokoni. Hata hivyo mwaka 1896 familia ya Sumner na ile ya Spurrier ziliunda kampuni ya magari ya mvuke ambayo baadaye ilichukua jina la mji wao, na malori na mabasi ya Leyland yakaja kujulikana sana katika barabara za Afrika Mashariki. Ni wachache waliopanda mabasi hayo wakijua kwamba miongoni mwa bidhaa za awali za kampuni hiyo zilikuwamo mashine za kukatia nyasi.

Mwaka 1902 Ransomes walianza kuuza mashine ya nyasi yenye injini ya petroli. Huko Marekani, Ransom E. Olds, yule yule ambaye jina lake lilibebwa na magari ya Oldsmobile, ndiye aliyekuwa nyuma ya kampuni ya Ideal ya mji wa Lansing, Michigan, ambayo mwaka 1922 ilitoa mashine ya kujiendesha yenyewe ambayo mwendeshaji aliketi juu yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, familia za Marekani zilipohamia kwa wingi katika vitongoji vyenye nyumba zilizozungukwa na nyasi, mashine ya namna hiyo ikatoka katika mabustani ya wakuu na viwanja vya golfu, ikaingia nyuani kwa watu wa kawaida. Kampuni ya International Harvester ilileta Cub Cadet mwaka 1961, na John Deere wakafuata kwa mashine yao ya namba 110 mwaka 1963, yenye nguvu za farasi 7 tu.

Hapo vitendo vitatu vya Budding vilikuwa vimeachana kabisa. Injini iliweza kuunguruma huku visu vimetulia. Visu viliweza kuzunguka huku mashine imesimama. Mashine iliweza kwenda huku visu vimeinuliwa na havifanyi kazi. Zaidi ya yote, mtu aliweza kushuka kitini, akaenda mbele ya mashine kuokota tawi, akaviacha vyote vitatu vikiendelea bila yeye. Mashine ya kusukumwa haikuwahi kumpa mtu uhuru huo.

Tena visu vyenyewe vilikuwa vimebadilika. Silinda ya Budding hufanya kazi kama mkasi: kisu kinachozunguka hukutana na kisu kilichotulia, na nyasi hukatwa katikati yao. Mashine nyingi za nyumbani za baada ya vita hazina mkasi huo. Zina kisu kimoja au zaidi kilicholazwa chini ya kifuniko, nacho huzunguka kwa kasi na kuupiga unyasi hadi ukatike. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoonyesha tofauti hii bila kuazima chochote, nasi twashangaa kwamba havijatumiwa. Ile ya silinda hunyoa, na hii ya kisu cha kuzunguka hufyeka. Yeyote aliyewahi kushika kwanja katika uwanja wa shule anajua maana ya kufyeka: anajua kwamba jiwe lililojificha penye nyasi halikatwi bali huruka, na kwamba mwenzako hasimami mbele ya kwanja lako. Viwango vya Marekani huweka kikomo cha mwendo wa ncha ya kisu cha kufyekea kuwa futi 19,000 kwa dakika, ambayo ni karibu kilomita 350 kwa saa. Jiwe likipigwa kwa mwendo huo hakuna mtu wa kulikwepa. Kwa hiyo tunapendekeza "mashine ya kunyolea nyasi" kwa ile ya silinda na "mashine ya kufyekea nyasi" kwa ile ya kisu cha kuzunguka. Jina lenyewe litakuwa limekwisha kumwambia mfanyakazi nusu ya onyo kwamba aokote mawe, nyaya na mifupa kabla ya kuanza, na kwamba watu waondoke karibu.

Sasa tuingie katika vitenzi. Kiswahili kilikwisha kupokea zamani maneno ya gereji. Yaliletwa na madereva wa malori, na askari waliorudi kutoka vitani, na waendesha trekta wa mpango ule mkubwa wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Injini, klachi, gia, breki, betri, plagi, stata na choki hayahitaji kuvuliwa nguo zao na kuvishwa nyingine. Wako wanaotaka "kikaba" badala ya choki, kwa kuwa kazi yake ni kuikaba hewa isiingie kwa wingi injini ikiwa baridi. Hatuwapingi, lakini fundi hatawaelewa. Tunachokosa ni namna ya kutenganisha vitendo vile vitatu.

Cha kwanza ni cha injini. Hapa lugha imekwisha kuamua: injini huwashwa na kuzimwa. Cha pili ni cha mwendo wa magurudumu. Mashine huondoka na husimama, na anayeisimamisha hajazima chochote. Cha tatu, ambacho ndicho chenye makali, ni cha kuviunga visu na nguvu ya injini au kuvitoa katika nguvu hiyo, kwa kawaida kwa mkono wa chuma au kitufe kinachokaza na kulegeza mkanda. Kwa kitendo hiki kila mfasiri hujitafutia njia. Kwa kuwa tunakata umeme na kukata maji, mfasiri aliyezoea lugha ya ofisi ataandika "kata visu kabla ya kushuka", katika kijitabu ambacho kitenzi kukata kimetumika mara mia kwa maana ya kukata nyasi. Msomaji atajiuliza visu vikatwe kwa nini. Mwingine ataandika "simamisha visu", na sentensi itaeleweka vibaya zaidi, maana msomaji atadhani kwamba akikanyaga breki visu navyo vimesimama. Wa tatu ataandika "zima mashine" kila mahali na kudhani amejikinga. Lakini yako maelekezo yanayomtaka mtu avitoe visu kazini huku injini ikiendelea, kama vile anapovuka njia ya changarawe kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, na mtu aliyeambiwa azime na kuwasha kila mara atachoka siku ya kwanza, na siku ya pili ataivuka changarawe visu vikizunguka.

Tunapendekeza kushikanisha na kuachanisha. Visu hushikanishwa na injini, visu huachanishwa na injini. Ni maneno ya kila siku, yanaonyesha kwamba pande zote mbili zinaendelea kuwapo baada ya kuachana, na hayagongani na kukata, kuzima wala kusimamisha. Mwalimu wa ufundi anaweza kuyatumia kwa klachi pia.

Mtu akiwa na vitenzi hivi vitatu, utaratibu wa kuwasha hujieleza. Petroli hutiwa nje, penye hewa, injini ikiwa imepoa, kabla ya jambo lolote jingine. Mwendeshaji huketi kitini kwanza. Haiwashi akiwa amesimama kando, hata kama mkono wake unafika kwenye ufunguo. Huhakikisha kuwa visu vimeachanishwa, gia haikutiwa, na breki imekanyagwa au imefungwa. Hufunga choki ikiwa injini ni baridi, husogeza mkono wa mafuta, kisha hugeuza ufunguo. Injini ikishika, huifungua choki taratibu kadiri inavyopata joto, kwa sababu ikiachwa imefungwa injini itatoa moshi mweusi na kuzimika. Huzidisha mafuta, huondoka polepole hadi penye nyasi, na hapo ndipo anaposhikanisha visu. Kijitabu kikiyaeleza haya kwa kitenzi kimoja cha "kuwasha", yaani washa injini, washa visu, washa mwendo, kitakuwa kimeyarudisha maelezo yote enzi ya Budding ilhali mashine imekwisha kutoka huko.

Kuhusu breki kuna neno moja la kutahadharisha. Katika magari tumezoea kusema breki ya mkono, na wafasiri huihamishia katika mashine hii bila kufikiri. Katika mashine nyingi za namna hii breki ya kuegeshea hufungwa kwa kukanyaga pedali na kuibana kwa kilango kidogo, na mtu aliyeambiwa avute breki ya mkono atapapasa pembeni asiione. Tuiite breki ya kuegeshea, popote ilipo. Ziko pia mashine zinazogeuka papo hapo, zilizotokana na ubunifu wa John Regier wa jimbo la Kansas mwaka 1963, ambazo badala ya usukani zina mikono miwili, kila mmoja ukitawala gurudumu lake la nyuma. Humo "kanyaga breki" mara nyingi haina maana yoyote, kwani mashine husimamishwa kwa kuirudisha mikono yote miwili katikati. Mfasiri asinakili maelekezo ya mashine moja kwa ajili ya nyingine.

Kushuka ndiko kulikowashughulisha zaidi watu wa viwango. Kiwango cha kwanza cha Marekani cha usalama wa mashine za nyasi zenye injini, kinachojulikana kwa namba B71.1, kilitoka mwaka 1960 na kikarekebishwa mara nyingi baadaye. Mwaka 1982 ilianza kutumika kanuni ya serikali kwa mashine za kusukumwa zenye kisu cha kuzunguka: mtu akiuachia mpini, kisu lazima kisimame ndani ya sekunde 3. Kanuni hiyo haikuzigusa mashine zenye kiti, ambazo ziliachiwa kile kiwango cha hiari. Katika hizo kinga iliwekwa kitini: chini ya kiti pana swichi, na mwendeshaji akinyanyuka huku visu vimeshikanishwa, injini huzimika au visu huachanishwa. Swichi nyingine huzuia injini isiwake kama visu vimeshikanishwa au breki haikukanyagwa. Wazo lenyewe halikuanza na nyasi, kwani treni za umeme zilikuwa na mkono wa namna hiyo, ambao dereva akiuachia treni husimama, tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Tukiitazama swichi hiyo kwa jicho la historia, tunaona kwamba wahandisi walitumia miaka mingi na nyaya nyingi kurudisha kile ambacho chombo cha Budding kilikuwa nacho bure: mtu akiacha, visu viache. Lakini hawakukirudisha chote. Kisu kilichoachanishwa huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa kwa nguvu ya mwendo wake, na swichi huharibika, au huunganishwa nyaya kwa makusudi na fundi aliyechoshwa na injini inayozimika kila anapoinuka kidogo. Ndiyo maana kijitabu husema: achanisha visu, simamisha mashine, funga breki ya kuegeshea, zima injini, toa ufunguo, subiri kila kitu kitulie, ndipo ushuke. Utaratibu huo una vitenzi saba, na kila kimoja kina kazi ambayo kingine hakiifanyi. Mfasiri akifupisha kwa "zima na ushuke" ameondoa kusubiri, ambako ndiko kunakookoa vidole. Na kwa anayetaka kuzibua nyasi zilizoganda chini ya kifuniko, kuna nyongeza ya kuchomoa waya wa plagi, kwa kuwa kukigeuza kisu kwa mkono huweza kuizungusha injini.

Swali la kumwita mwendeshaji dereva au la limetujia mara kadhaa. Sisi tunaona asiitwe dereva. Dereva katika mazoea yetu ni mtu wa barabarani, na miongoni mwa desturi za barabarani ni kuliacha gari likiunguruma wakati mtu anashuka kununua kitu dirishani, na kumpakia mtoto wa jirani kwa mzunguko mmoja. Tabia zote mbili ni za mauti hapa. Waraka mmoja wa tahadhari wa Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ulikadiria kwamba watu wapatao 75 hufa na wapatao 20,000 huumia kila mwaka nchini humo kwa mashine hizi au karibu nazo, na kwamba katika kila vifo vitano kimoja ni cha mtoto. Sababu zilizotajwa ni mashine kupinduka, mtu kuanguka kutoka juu yake, na mtu kukanyagwa nayo, hasa mtoto mdogo aliyekuja nyuma bila kuonekana. Mtoto aliyepakiwa jana kwa furaha huikimbilia mashine leo anapoisikia, na mwendeshaji anayerudi kinyumenyume hamwoni wala hamsikii. Kwa hiyo vijitabu hukataza abiria wa aina yoyote, na huagiza mwendeshaji atazame nyuma na chini kabla ya kurudi na wakati wote anaporudi. Madaktari wa watoto wa Marekani wameshauri kwamba asiyefikia umri wa miaka 16 asiiendeshe kabisa. Neno "mwendesha mashine" halibebi desturi za barabarani, nalo linatosha.

Limebaki suala la mteremko, ambalo pengine ndilo lenye mtego mkubwa kuliko yote, kwa sababu sentensi sahihi ya mashine moja ni sentensi ya kuua kwa nyingine. Anayesukuma mashine kwa miguu yake huambiwa akate kwa kuukingama mteremko, yaani kwa ubavu, kulia na kushoto, kwa sababu akipanda na kushuka anaweza kuteleza, miguu yake ikaingia chini ya mashine au mashine ikamrudia. Aliyeketi juu ya mashine yenye magurudumu manne na usukani huambiwa kinyume: apande na kushuka, asiukingame, kwa sababu mashine yenye mtu juu yake ina uzito ulioinuka, na ikilala ubavu hupinduka. Kikomo kinachotajwa kwa kawaida ni nyuzi 15, sawa na kuinuka mita 2.7 kwa kila mita 10 za usawa. Vijitabu vingine huongeza kipimo kisichohitaji chombo: kama mashine haiwezi kuupanda mteremko huo kinyumenyume, usiukate kwa mashine hiyo. Baadhi ya mashine za kugeuka papo hapo zina maelekezo yake tofauti, na hayo ndiyo ya kufuatwa.

Sasa tuangalie Kiswahili. "Kata kwenye mteremko kutoka upande hadi upande" inaweza kusomwa kuwa kutoka upande wa juu hadi upande wa chini. "Kata mteremko kwa urefu" haina maana moja, kwa kuwa mteremko wa tuta la reli ni mrefu kwa ubavu, ilhali mteremko wa kilima ni mrefu kwa kwenda juu. "Kwa kukatiza" ni mbaya zaidi, kwani ina kukata ndani yake. Tunashauri maneno mawili tu yatumike na yasibadilishwe ndani ya kijitabu kimoja: kupanda na kushuka kwa mwelekeo mmoja, kukingama kwa mwelekeo mwingine. Mchoro uambatane nayo, wenye mshale. Mwenye kutafsiri vijitabu vya aina zote mbili za mashine kwa ofisi moja, kama za viwanja vya ndege au hospitali kubwa, ahakikishe kwamba hajanakili ukurasa wa mteremko kutoka kimoja kwenda kingine.

Mwisho, mashine za betri ambazo sasa zinauzwa zimeleta tatizo ambalo petroli haikuwa nalo. Mwendeshaji wa injini husikia. Ngurumo humwambia kwamba kitu kiko hai, na kimya humwambia kwamba kimezimwa. Mashine ya betri ikigeuziwa ufunguo haitoi sauti yoyote. Taa ndogo tu huwaka, na mashine iko tayari kuondoka mguu ukigusa pedali. Kwa hali hiyo "imewashwa" humfanya mfanyakazi atazamie ngurumo, na asipoisikia adhani bado. Katika rasimu tunayoiandaa tumeiandikia hali hiyo "iko tayari", na tumeacha "imewaka" kwa injini peke yake. Wasomaji walio karibu na wafanyakazi wa viwanja, hasa walimu wa vyuo vya ufundi, watuandikie wafanyakazi hao wanasemaje.